Kumsainia mwenzako mahudhurio: kosa liko wapi?

SWALI: Rafiki yangu chuoni huniomba nimsainie karatasi ya mahudhurio asipokuja darasani. Hatumwibii mtu, na mitihani anafaulu mwenyewe. Kosa liko wapi? – Mwaka wa pili, Morogoro

JIBU: Jaribu kipimo alichokieleza mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant mwaka 1785. Kwanza andika kanuni unayoifuata pamoja na lengo lake: "Nitamsainia asiyekuwepo ili ahesabiwe kuwa alikuwepo." Kisha fikiria kila mtu anaifuata. Karatasi inazunguka, inarudi na saini 80 huku vichwa darasani ni 35. Mhadhiri ataitupa na kuanza kuita majina, na saini yako haimfai tena rafiki yako. Yaani ujanja huo unafanya kazi kwa sababu tu wengine wanasaini kweli. Kant alitoa mfano wa anayekopa akijua hatalipa: wote wakiwa hivyo, nani atakopesha?

Wengi hukosea hatua ya kwanza. Huandika kanuni nyembamba mno, "nitamsainia huyu, Jumanne hii tu," na kwa mtindo huo hata wizi utapita. Ondoa majina na tarehe. Bakiza kitendo na sababu.

Hiyo "hatumwibii mtu" ni hoja nyingine, inayopima kitendo kwa matokeo yake, na si ya kubeza. Ila muulize aliyepanda daladala mbili kuwahi kipindi cha saa moja.

Akiugua, apeleke cheti cha hospitali kwa mhadhiri. Wewe mpigie picha kurasa za daftari lako siku hiyohiyo.