Maswali ya Wasomaji: GPS Haikubaliani na Ramani

SWALI: Tunafyeka mkuza wa mpaka upande wa msitu wa Budongo kwa kutumia ramani ya zamani ya skeli 1:50,000. Tukisimama darajani, GPS inatuweka kusini mwa daraja, kama milimita 6 kwenye karatasi. Kifaa kimeharibika? (Msomaji, Masindi)

JIBU: Kifaa ni kizima. Milimita 6 kwa skeli hiyo ni mita 300, na kosa kubwa namna hiyo, tena la upande uleule kila mara, chanzo chake ni datumu, yaani msingi ambao vipimo vya mahali huanzia. Ramani hizo zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960, GPS husoma kwa datumu ya WGS 84. Huku Uganda tofauti hiyo hukusogeza mita 300 hivi kusini na kama 80 mashariki. Soma kwanza maandishi ya pembezoni mwa karatasi (wengi huyaruka), kisha ingia kwenye mipangilio ya kifaa, chagua UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita, unaoigawa dunia katika kanda) na datumu ya Arc 1960. Rudini darajani mhakiki. Alama zilizohifadhiwa ndani ya kifaa kitazigeuza chenyewe. Balaa ni namba za daftarini zisizotajwa datumu.

Litabaki kosa la miti. Chini ya mikangazi mawimbi ya setilaiti huzuiwa na majani na kudunda kwenye vigogo, na usomaji huyumba mita 10 au zaidi. Usipige alama huku unatembea. Simama, inua kifaa, tumia kipengele cha wastani (kinachochukua wastani wa vipimo vingi vya mahali pamoja), na ikiwezekana rudia baada ya saa moja na nusu, setilaiti zikiwa zimehama. Mkikuta nguzo au rundo la mawe la mpaka haliafikiani na GPS, msiliguse hata kidogo. Piga picha, andika namba, mwiteni mpima ardhi aliyesajiliwa.

SWALI: Tukitoka Bushenyi kwenda Rukungiri, namba ya mashariki kwenye GPS (mita za kuelekea mashariki) inaruka ghafla kutoka 166,000 hivi hadi 833,000. Kwa nini? (Msomaji, Bushenyi)

JIBU: Mmevuka longitudo ya 30 mashariki, mkatoka kanda ya 36 ya UTM na kuingia ya 35. Sehemu kubwa ya Uganda iko kanda ya 36, ila misitu ya Echuya na Bwindi iko 35. Andikeni kanda kando ya kila namba. Kwenye kompyuta, geuzeni alama zote ziwe kanda moja kabla ya kuchora, la sivyo msitu mmoja utatokea vipande viwili vilivyoachana mamia ya kilomita.