Dirk Willems Hakuachiwa

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, salaam. Alhamisi nilikaa nyuma ya darasa nikiwasikiliza mkiprezenti historia ya Waanabaptisti, wale Wakristo wa karne ya 16 waliobatiza watu wazima tu. Mliponiona natoka nje mkadhani joto la Tanga limenishinda. Wapi! Ni makosa yetu ya zamani yaliyokuwa yanatembea mbele yangu kwa miguu yenu. Haya, kabla hamjala sapu:

1. Menno Simons, yule padri wa zamani ambaye Wamennonite wameitwa kwa jina lake, hakuanzisha Uanabaptisti. Grebel, Manz na Blaurock walibatizana Zurich tarehe 21 Januari 1525. Menno aliacha upadri 1536. Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili.

2. "Anabaptisti", yaani wabatizaji wa mara ya pili, ni jina walilobandikwa na maadui. Wenyewe walisema kumwagia kichanga maji si ubatizo, kwa hiyo huo wa ukubwani ndio wa kwanza. Ukiandika "walibatizwa tena" ukaishia hapo, umeshakaa upande wa waliomzamisha Manz mtoni Limmat mwaka 1527.

3. Münster ya 1534 hadi 1535, Waanabaptisti walipoushika mji kwa upanga, msiifiche. Inatia aibu, najua. Itajeni.

4. Someni hadithi hadi mwisho. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Nikiwa fildi nilipewa mahubiri katika kanisa dogo huku Ngamiani. Nikachagua Dirk Willems, Mwanabaptisti wa Uholanzi: katoroka kifungoni kwa kamba ya vitambaa, kapita juu ya maji yaliyoganda, mlinzi anamfukuza, barafu inakatika, mlinzi anazama. Watoto walicheka, maana barafu wanayoijua wao ni ile ya kufungwa kwenye mfuko. Nikafika pale Dirk anaporudi kumvuta adui yake. Kanisa kimya. Mama mmoja akashindwa kuvumilia: "Halafu ikawaje, mtumishi?"

Desa langu lilikuwa fotokopi ya ukurasa mmoja, na ukurasa ulikuwa umeishia hapo hapo kwenye kuvutwa. Ningesema sijui, ningekufa? Nikasema, kwa sauti ya kinabii kabisa, kwamba mlinzi aliguswa, akamwachia, Dirk akazeeka na wajukuu. Vigelegele! Nilishuka najiona askofu.

Mlangoni akanishika mkono mzee mmoja mstaafu, mtu wa Mara. Hakunisema mbele za watu. "Mwanangu, walimchoma. Asperen, tarehe 16 Mei 1569." Akaniambia mlinzi kweli alitaka kumwachia, ila mkuu wa mji alimpigia kelele akumbuke kiapo chake. Kiapo! Na mimi wiki ile ile nilikuwa nimekariri vipengele saba vya Schleitheim, ungamo la Waanabaptisti la 1527, cha mwisho kikikataa viapo, nikakariri kama kasuku bila kujua kwa nini watu wale waliogopa kuapa. Akamalizia na upepo, jinsi ulivyoupeperusha moto, mtu akafa polepole. Chakula cha mchana nilichoandaliwa hakikupita kooni.

5. Wazee waulizeni. Wamennonite walifika Shirati, huko Mara, 1934, na wapo waliomwona Zedekia Kisare akiwekwa kuwa askofu wao mwaka 1967. Msisubiri matanga.

Sasa, makundi matatu Alhamisi yamesema Dirk aliachiwa. Nimeliomba desa lenu nilione. Fotokopi ya fotokopi, imefifia, ila pale chini bado panasomeka neno lililoongezwa kwa kalamu: "akaachiwa".

Mwandiko ni wangu. Lichaneni.