Mchanganyiko wa Kikemia? Mchanganyiko Gani Huo!

SWALI: Nafundisha sayansi darasa la nne. Magadi yakitiwa ndimu yakatoa povu, niwaambie watoto ni "mchanganyiko wa kikemia" au "wa kikemikali"?

JIBU: Kikemia imetoka kwenye kemia, ambayo asili yake ya mbali ni kimiya ya Kiarabu, kikemikali imetoka kwenye kemikali. Tumia yoyote, mwalimu, sigombi. Ninalogombana nalo ni hilo "mchanganyiko", ambalo hukuliuliza kabisa.

Mchanganyiko ni mchele wenye mawe. Kila kimoja kimebaki na tabia yake, na ungo unatosha kuvitenganisha. Kuchanganya ni kazi ya mkono wako. Yanayotokea baada ya hapo kati ya magadi na ndimu ni mmenyuko, yaani vitu kugeuka kuwa vitu vingine. Ukisema "mchanganyiko wa kikemia", umempa mtoto ungo apepete kitu kisichopepeteka, kisha kwenye mtihani unamkata alama kwa kukuamini!

Wape wajionee. Saga magadi, weka robo kijiko cha chai katika kila kisahani, viwili. Cha kwanza tia maji vijiko viwili vya chakula, koroga. Cha pili kamulia ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka tone jipya lisitoe povu hata chembe. Ndimu moja kubwa yenye maji huenda ikatosha, lakini weka ya pili karibu. Anika vyote juani hadi maji yaishe. Cha kwanza kitabaki na unga mweupe, cha pili na utando unaonata. Sasa dondoshea ndimu kote. Cha kwanza kitafoka, maana magadi bado ni magadi. Cha pili kitanyamaza: magadi yameshageuka kitu kingine, na sehemu yake imepaa zamani ikiwa gesi ya kaboni dayoksaidi.

Wengi huharibu hapo kwenye ndimu. Wanabania, magadi yanabaki, kisahani cha pili nacho kinafoka, na darasa zima linaandika kwamba hakuna kilichobadilika. Wala usiwakaririshe kuwa "povu ni mmenyuko". Sabuni ikikorogwa na maji inatoa povu, na hapo ni hewa tu imenaswa.

Kwa hiyo sema: "Tumechanganya magadi na ndimu, vikamenyuka." Vitenzi viwili, kila kimoja na zamu yake. Hao wanaoandika "mchanganyiko wa kikemia wa hidrojeni na oksijeni" wakimaanisha maji, waambie hiyo ni kampaundi, yaani vitu vilivyomenyuka vikaungana kuwa kitu kimoja kipya. Gesi hizo mbili zikichanganyika tu ndani ya chupa, hunywi kitu.

Kuna na sukari "inayoyeyuka" kwenye chai. Barafu ndiyo inayeyuka, kwa joto. Sukari inamumunyika, hata kwenye maji baridi. Ila hili nchi nzima inalisema, na mimi mwenyewe nikiwa na kikombe mkononi sina nguvu za kubishana. Darasani, usilipitishe.