Kabla nafasi za Zimamoto hazijatangazwa

"Shikamoo afande, nafasi zinatoka lini?" Ujumbe wa aina hii naupata mara kwa mara, kutoka Tabora, Mbeya, Temeke, na wengine wanaoandika bado wako kidato cha sita. Ninawajibu wote, kwa sababu napenda kuona vijana wanaitamani kazi hii. Ila swali ninalosubiri kuulizwa ni jingine: nifanye nini sasa hivi, wakati tangazo halijatoka? Hapo ndipo mtu anapoweza kujijenga, na wengi wanaupoteza muda huo wakisubiri.

La maombi nilimalize haraka. Tangazo hutolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenyewe, maombi hupitia mfumo wake wa mtandaoni, na hayalipiwi hata senti. Anayekwambia utume laki mbili ili jina lako lipite ni tapeli, hata kama ana picha akiwa amevaa sare. Weka tayari cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na vyeti vya shule, na uhakikishe majina yako yanafanana kwenye vyote. Umri, urefu na elimu vinavyotakiwa visome kwenye tangazo la mwaka huo, usitegemee aliyoyasema kaka yako aliyeomba zamani. Usijichore tatuu. Kama umepitia JKT, kitunze cheti chako. Na zungumza na wazazi mapema: huduma hizi zilikuwa za halmashauri, lakini baada ya sheria ya 2007 tukawa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Unaweza kuwa mtoto wa Temeke ukapangiwa Katavi, na unakwenda.

Sasa mwili. Vijana wengi hukimbilia kunyanyua vyuma ili kifua kitanuke. Si vibaya, lakini kinachokutoa ndani ya nyumba yenye moshi ni pumzi. Mtungi wa hewa tunaovaa mgongoni, wa lita 6, ukijazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una takriban lita 1,800 za hewa. Kwa hesabu ya kuvuta lita 40 kwa dakika, hiyo ni dakika 45. Hesabu hiyo hukaa vizuri darasani. Ukiwa umevaa buti na koti zito, umeburuta mpira wa maji uliojaa, na huoni hata kiganja chako, mapafu yanakula zaidi ya hapo, na sehemu ya hewa lazima uibakize kwa ajili ya kutokea. Kwa hiyo kimbia milima. Panda ngazi za ghorofa na mzigo mgongoni. Jifunze kumbeba mwenzako aliyejilegeza kabisa, maana mtu aliyezirai ni mgumu kubeba kuliko anayejishikilia mwenyewe. Halafu jizoeze kutuliza pumzi ukiwa umechoka, na hili la mwisho ndilo gumu zaidi. Kurupushani za mchakamchaka utazikuta depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali, utazizoea tu.

Kuogelea nalisisitiza kuliko yote. Nchi yetu ina Ziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa na pwani ndefu ya Bahari ya Hindi, na msimu wa mvua mito hukata barabara na kuzoa watu. Bado vijana wengi wanaoomba hawawezi kuvuka bwawa dogo. Kumbuka Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikiwa na watu 43. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai na 19 wakapoteza maisha. Serikali ikamchukua mmoja wa wavuvi hao, kijana Majaliwa Jackson, akaingizwa kwenye Jeshi letu. Mimi nafurahi kila nikilifikiria lile. Kuyajua maji ni utaalamu, na unaweza kuupata bila kusubiri tangazo. Tafuta mtu anayejua akufundishe, anzia kwenye kina kifupi, usijaribu peke yako.

Na kuna visima. Ukiwa nje ya kazi hii unadhani tunashinda tunazima moto, kumbe simu nyingi ni za mtu aliyetumbukia kisimani au chooni, na simu hizo zinaniumiza sana, kwa sababu mara nyingi tunakuta waliofariki ni zaidi ya mmoja. Fundi ameshuka kusafisha kisima, amelegea. Ndugu yake ameshuka kumtoa, naye kalegea. Chini kule hewa ya ukaa na gesi nyingine nzito hujikusanya na oksijeni hupungua, hivyo mtu huishiwa nguvu kabla hajajua kuna tatizo. Ukinisoma leo na hutakuja kuwa askari wa zimamoto kamwe, chukua hili tu: usimfuate. Piga 114, wazuie wengine wasishuke, na ukiweza kumteremshia kamba akiwa bado anajitambua, fanya hivyo ukiwa juu. Sisi wenyewe hatushuki bila mtungi mgongoni na kamba iliyoshikwa na wenzetu.

Huduma ya kwanza isome kabla hujafika depo. Chama cha Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo, na utajifunza mambo ambayo barabara zetu zinayadai kila siku: kukandamiza jeraha linalovuja damu bila kuachia achia, kutomvuta shingo aliyegongwa na bodaboda, kumlaza kiubavu anayepumua lakini hajitambui. Moyo ukisimama, unakandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, ukihesabu 30 na kupuliza pumzi 2. Mikono hukumbuka kilichorudiwa, kwa hiyo rudia mpaka uchoke.

Kwa wale ambao moyo wao uko hasa kwenye gari la wagonjwa, nawashauri wapitie afya kwanza. Stashahada ya uuguzi au ya utabibu inakufungulia hospitali, na Jeshi nalo hutafuta watu wenye fani: wauguzi, mafundi umeme, mafundi magari, madereva wa magari makubwa. Kijana aliyetoka VETA na ufundi wake asijione mdogo mbele ya mwenye shahada. Gari la zimamoto lisipowaka, kikosi kizima kimekaa.

Mafunzo yetu ya awali hufanyika Chogo, wilayani Handeni, Tanga. Kuruta utapigwa kwata, utaamka usiku, utafundishwa mafundo ya kamba mpaka uyafunge gizani. Wasichana huniuliza kama wataweza. Mtaweza. Nimevuta mipira na wasichana wembamba waliokuwa hodari kuliko wanaume wa zamu yao, na mama aliyeungua nguo mara nyingi hutulia zaidi akishikwa na mwanamke mwenzake.

Jambo ambalo depo haliwezi kukuandaa vya kutosha ni watu. Utafika na utazomewa: "Mmekuja bila maji!" Gari lenye lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika linaisha baada ya dakika 10, na kama haidranti ya karibu, yaani bomba la barabarani tunalojazia maji, imefukiwa au imejengewa kibanda, lazima likajaze mbali. Mwananchi anayetazama nyumba yake ikiteketea hana nafasi ya hesabu hizo, na hapaswi kulaumiwa kwa uchungu wake. Usimjibu kwa ukali. Lakini kwenye mafuta yaliyomwagika, ukali unaruhusiwa. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakasogea kuchota, ukatokea mlipuko uliochukua zaidi ya roho 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka unapokutana na cheche. Kazi yako ya kwanza pale ni kusogeza watu, hata wakikutukana.

Utaona pia mambo ambayo hutayasimulia nyumbani. Usiyafungie ndani. Zungumza na wa zamu yako, na kiongozi wako wa dini, na daktari ukiona usingizi umekukimbia. Wanaonyamaza sana ndio ninaowahofia.

Wiki hii nenda kwenye kituo cha zimamoto cha mkoa wako, asubuhi, salimia mlangoni, sema unataka kujifunza. Kutoa elimu kwa umma ni sehemu ya kazi yetu. Omba uoneshwe mtungi wa hewa, uliza unakaguliwaje, na ukiruhusiwa uuvae mgongoni upande nao ngazi za jengo mara moja.