Jirani kapandisha ploti, maji yote yaja kwangu

SWALI: Mhariri salaam. Niko Kisauni, nyumba yangu ni ya vyumba sita vya kupangisha, mzee aliniachia. Zamani masika ikinyesha maji yalikuwa yapita nyuma ya nyumba yaenda zake. Sasa jirani kajaza maramu ploti yake imepanda mpaka magotini, kapiga kabro, yale matofali ya kutandika chini, mpaka getini, na mwengine kajenga ukuta palepale penye njia ya maji, basi mimi na wapangaji ni ndoo usiku kucha na choo chafurika. Fundi aniambia na mimi nijaze. Nijaze? Na hii mikutano ya plani ya mtaa na tabianchi tunayoitwa yanihusu nini mimi?
Mama Wapangaji

JIBU: Mama shikamoo, na pole sana. Usijaze kwanza. Ukijaza wewe maji yataenda kwa jirani wa tatu, naye atajaza, mwisho barabara ndio mto, na wallahi kuna vichochoro huko kwenu vishafika hapo. Mchanga wenu wanywa maji vizuri tu ukiachwa wazi, tatizo ni hizi kabro za ukuta kwa ukuta, acha hata kipande cha ua kipumue.

Mkutano nenda, tena ukae mbele. Kontrakta huchimba mtaro kiangazi, bahari imekupwa, maji yateleza sawasawa, apigwa picha alipwa aenda. Lakini hapa Mombasa wakati wa bamvua, zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu bahari ijaapo na kupwa kupita kawaida, maji kupwa na kujaa hupishana zaidi ya mita 3, sasa mvua kubwa ikikutana na bamvua limejaa, mdomo wa mtaro huko kriki, ule mkono wa bahari ulioingia bara, uko chini ya maji, yatatokea wapi? Yarudi kwako. Na bahari yazidi kupanda kwa hili joto la dunia, kwa hivyo hiyo siku mbaya itakuja mara nyingi zaidi. Hiyo ndio tabianchi yenyewe mama, si semina za hotelini. Waulize mdomo wa mtaro uko wapi na bamvua likijaa inakuwaje, wakibabaika waitie wavuvi wawaeleze. Uliza na mikoko, maana ndio inayoshika tope la ufukwe na sisi twaikata kuni.

Kuziba njia ya maji si kosa la jirani yako peke yake, pale Makupa, penye barabara ya kuvuka toka bara kuingia kisiwani, tulijaza kifusi tukapitisha barabara juu yake, maji ya kriki yakakosa kupita miaka na miaka mpaka daraja lilipofunguliwa 2022.

Mvua ijayo tupa kifuu cha nazi kwenye maji ukifuate. Mimi nilifanya hivyo mtaani kwetu watoto wakanicheka, kifuu kikaenda kikasimama nyuma ya duka, kutazama tundu la ukuta limejaa chupa na pampasi, saa nzima ya kuzibua na maji yakashuka. Piga video, waite wazee wakuonyeshe njia ya zamani, uende na hizo mkutanini. Kuhusu ule ukuta wa jirani uliokuzibia njia ya maji, sheria ya mipango ya 2019 yataka ruhusa ya kaunti kabla ya kujenga, kaulize kama ilitolewa.

Choo kinyonywe kabla ya masika. Na kama mna kisima uani, hayo maji chemsheni.