Chunjua ya Unyayoni Haina Mzizi

SWALI: Daktari, nina kinundu kigumu chini ya kisigino cha mguu wa kulia, chenye vidoa vyeusi katikati, ambacho huniuma kila ninapokanyaga. Nimekikata kwa wembe mara kadhaa ili kuung'oa mzizi wake, lakini hutoka damu nyingi na baada ya wiki chache hurudi, na sasa vimejitokeza vinundu vingine viwili pembeni yake. Je, huu ni ugonjwa gani, na nifanye nini ili mzizi utoke wote?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa maumivu hayo. Maelezo yako yanaelekea kabisa kwenye chunjua ya unyayoni, na jambo la kwanza ninalokusihi ni kuuweka wembe kando leo hii, kwa sababu mzizi unaoutafuta haupo. Chunjua huota katika tabaka la juu la ngozi tu. Ikiwa mkononi huchomoza nje, lakini ikiwa unyayoni uzito wa mwili huikandamiza mpaka ikadidimia, na ndiyo maana mtu hudhani imezama hadi mfupani. Vile vidoa vyeusi navyo si mizizi wala uchafu, bali ni mishipa midogo sana ya damu ambayo damu yake imeganda. Hiyo ndiyo mishipa unayoikata na kuona damu ikichuruzika.

Kinacholeta chunjua ni virusi vya papiloma, ambavyo vina aina zaidi ya 100. Aina zinazopenda nyayo, kama vile ya 1, ya 2 na ya 4, si zile zinazosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo usiruhusu hofu hiyo ikunyime usingizi. Virusi hivi huingia kupitia mikwaruzo na nyufa, hasa ngozi inapokuwa imelainika kwa maji, kama ilivyo katika mabafu ya pamoja na kando ya mabwawa ya kuogelea. Kwa kuwa huweza kupita miezi kadhaa kabla chunjua haijaonekana, ni vigumu kujua ulivipata wapi. Vinundu viwili vipya, hata hivyo, yaelekea vimetokana na wembe wenyewe, kwani kila mkato huwapa virusi mlango mwingine katika ngozi ya jirani.

Kabla ya kuanza dawa, hakikisha kwamba hiyo si sugu ya kawaida. Osha mguu, kaa penye mwanga wa kutosha, kisha tazama ile mistari myembamba ya ngozi inayofanana na alama za vidole: kwenye sugu mistari hupita juu yake bila kukatika, ilhali kwenye chunjua hukatika ukingoni. Halafu ibane kwa vidole viwili kutoka pembeni. Chunjua huuma zaidi ikibanwa hivyo, na sugu huuma zaidi ikibonyezwa kutoka juu.

Dawa ya kuanzia ni asidi ya salisiliki, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa ikiwa ya maji, ya jeli au ya plasta, na nguvu yake mara nyingi huwa kati ya asilimia 15 na 40. Kila jioni loweka kisigino katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, ukikaushe, kisha usugue polepole ile ngozi nyeupe iliyokufa kwa jiwe la kusugulia miguu, na uache kabla hujaanza kuumia. Paka mafuta mazito kwenye ngozi nzima inayoizunguka ili kuikinga, tia dawa juu ya chunjua peke yake, subiri ikauke na ufunike kwa plasta. Jiwe hilo lisiguse sehemu nyingine ya mwili wako wala lisitumiwe na mtu mwingine. Ngozi ikiwa nyekundu na yenye vidonda, pumzika siku chache kisha uendelee. Matibabu haya huweza kuchukua wiki 12, na ninasisitiza hesabu hiyo kwa sababu wengi huiacha dawa ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi.

SWALI: Nimesikia kwamba kugandisha chunjua kwa baridi hospitalini ndiko kunakoponya haraka. Je, ni kweli?

JIBU: Kwa nyayo, ushahidi hauungi mkono dhana hiyo. Utafiti uliofanyika nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulilinganisha naitrojeni ya kimiminika, ambayo ndiyo hutumika kugandisha chunjua, na asidi ya salisiliki ya asilimia 50, na baada ya wiki 12 waliopona kabisa walikuwa takriban asilimia 14 katika kila kundi. Kugandisha kunauma, huacha lengelenge, na hulazimu kurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Ni njia halali, lakini kwa maoni yangu ije baada ya dawa ya nyumbani kutumiwa ipasavyo ikashindwa.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 8 ana chunjua mbili unyayoni ambazo hazimuumi, na baba yangu mwenye kisukari anazo pia. Je, wote wawili watumie dawa hiyo?

JIBU: Mtoto anaweza kusubiri. Chunjua nyingi za watoto hutoweka zenyewe katika muda wa miaka miwili, kinga ya mwili inapovitambua virusi. Mzifunike kwa plasta anapokwenda kuogelea, na awe na taulo lake mwenyewe.

Mzee, kwa upande wake, asiitumie kabla ya kuonwa na daktari. Kisukari huweza kupunguza hisia na mzunguko wa damu miguuni, hivyo asidi inaweza kumchimba kidonda bila yeye kuhisi, na kidonda hicho kikawa kigumu kupona. Tahadhari hiyo inamhusu pia yeyote mwenye ganzi miguuni au ambaye kinga yake imepungua. Aidha, doa jeusi linalotanuka unyayoni, au kinundu kinachotoka damu bila kuguswa, kisitiwe dawa yoyote ya chunjua mpaka daktari wa ngozi akichunguze, kwa kuwa saratani ya ngozi huweza kuota mahali hapo hapo.