Laptopu haina sehemu ya CD, Linux naiwekaje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Masasi, mjomba kaniletea laptopu ya HP baada ya kuuza korosho, ina Windows 10 ila ni ile nyembamba haina sehemu ya CD. Nataka niweke na Linux, ule mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, humohumo, Windows ibaki maana ndo nafanyia kazi za chuo. Fundi mmoja hapa kasema lazima ninunue draivu ya CD ya nje, eti kweli? Na vitu vyangu havitafutika?

JIBU: Salama mdogo wangu. Hiyo hela ya draivu kaa nayo, flashi ya GB 8 inatosha kabisa. Wazo lako ni zuri, hasa ukizingatia Microsoft walishaacha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tangu 14 Oktoba 2025. Kwa anayeanza mi napendekeza aina ya Linux inayoitwa Mint, faili lake la kuinstoo, yaani ISO, ni karibu GB 3 kwa hiyo vizia bando la usiku. Halafu shusha Rufus, programu ya Windows ya kuandaa flashi, chomeka flashi, chagua ile ISO, bonyeza Start basi. Flashi itafutwa yote, kama ina picha za harusi zihamishe kwanza. Na usikopi tu ISO ukaipesti kwenye flashi, haitabuti, yaani kompyuta haitawaka kupitia hiyo flashi.

Ila flashi siyo pa kuogopa, pa kuogopa ni kwenye diski. Kazi zako za chuo zikopi sehemu nyingine kabla ya yote, hilo sikubembelezi. Angalia kama BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, imewashwa, kama imewashwa izime usubiri imalize kufungua diski yote, na ile rikavari kii yake, namba ndefu ya kuifungulia, iandike kwenye daftari, maana Windows inaweza kukudai siku hiyohiyo na bila hiyo hupati kitu. Zima na Fast Startup, kwa sababu ikiwa imewashwa Windows haizimiki kabisa, inalala tu huku imeshikilia diski. Kisha humohumo kwenye Windows ingia Disk Management upunguze C, sehemu ya diski ilipokaa Windows, toa kama GB 50 uziache wazi hivyohivyo, usizifomati.

Chaji ijae na waya uwe umechomekwa, umeme wetu unaujua. Washa huku unagonga Esc, halafu F9, chagua flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski, hapo jaribu waifai na sauti kwanza, zikikataa bora ujue mapema. Ukiridhika anza kuinstoo, chagua ile ya kuweka pembeni ya Windows. Ile ya Erase disk usiiguse! Na kama haioni Windows kabisa, simama hapohapo, uniandikie tena.

SWALI: Mi niko Lindi mjini, nilishaweka zote mbili zinafanya kazi vizuri, ila nikitoka Linux nikirudi Windows saa inakuwa nyuma masaa matatu. Betri ndogo ya ndani imekufa?

JIBU: Hapana dada, betri nzima hiyo. Linux inaandika saa ya mashine kwa UTC, ile saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele ya UTC masaa matatu. Ukiwa Linux fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha rekebisha saa ya Windows mara moja.